Aliyekaa Ng'ambo ya Meza

Keeler Hollow, Pennsylvania
3 Februari 2011

Wifi Bernadine,

Salamu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunakatiana, na ile mara ya mwisho, Sikukuu ya Shukrani, sikumbuki nani alimkatia mwenzake kwanza, ingawa Curtis anasema ni mimi. Kwenye karatasi angalau mtu anapata nafasi ya kumeza mate kabla hajasema.

Nina shida, na dawa yake ni wewe, wala sifurahii kukuambia hivyo. Sheria ya jimbo letu unaijua. Sisi tunaosomesha watoto nyumbani, kila mwaka kabla Juni haijaisha lazima mwalimu mwenye cheti awasaili watoto na atie sahihi kwamba wanasonga mbele. Bi Haverly aliyekuwa akitusaili amehamia Florida kwa binti yake, baridi ya huku imemshinda magoti. Nikamwambia Curtis nitatafuta mwingine. Akasema, "Wa nini, na dada yangu yupo?" Halafu akasema jambo ambalo hajawahi kulisema: Bernadine akitia sahihi, tuendelee, Bernadine akikataa, Septemba watoto wanapanda basi la njano kwenda shule. Kasema hivyo kaka yako, mtu asiyenyanyua sauti hata mbwa akimlia soksi. Kisha akarudi mtoni kwenye boti yake ya kusukuma matishari ya makaa ya mawe, akaniachia hilo nilitafune peke yangu.

Basi njoo uone. Siogopi. Gideon ametimiza miaka kumi, na yule ambaye shule ilisema ni mzito, leo anawasomea wadogo zake kwa sauti kama mtangazaji wa redio. Nimemfundisha mimi, mezani pangu, huku nimebeba mwingine kiunoni. Marnie wa miaka minane anakwenda vizuri, ila hesabu anazinunia. Tess anatimiza sita mwezi wa nne. Huyo sijamwanzisha kusoma, sina haraka naye. Anakaa tu pamoja nasi juu ya ndoo aliyoipindua, kitabu chake cha picha kakishika miguu juu kichwa chini, anafuatisha kwa kidole na kunong'ona kama bibi kanisani. Tunamcheka mpaka basi. Abel ana miwili, kazi yake ni kula kalamu za rangi.

Ukinijibu nitamsomea Curtis akirudi. Unamjua, hapendi kusoma mwenyewe, anasema sauti yangu inampumzisha. Tumeoana miaka mingi na bado ananiambia hivyo. Wa kwako aliwahi?

Wifi yako,
Lorna


Erie
10 Februari

Wifi Lorna,

Ni wewe uliyekata simu. Mimi nilikuwa bado nasema.

Nitakuja, ila usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nafundisha darasa la kwanza tangu ujana wangu na sahihi yangu sijawahi kuitia kwenye uongo. Watoto wakijua nitasema wanajua, hata ikinibidi kuyameza maneno yangu yote ya Sikukuu ya Shukrani, kwamba meza yako si shule. Wasipojua nitasema pia. Kaka yangu ananipenda kwa hilo, na wewe hunipendi kwa hilo hilo.

Wa kwangu aliwahi kuniambia sauti yangu inamwamsha. Ndiyo maana sinaye.

Swali dogo, unijibu bila kununa. Mkiwa mezani, nani anakaa wapi? Nataka hasa kujua Tess anakaa upande gani wa Gideon. Na vitabu anavyowasomea wadogo zake, huwa wewe umeshavisoma kwa sauti kwanza?

Wabusu wote, hata mla kalamu.

Bernadine


Keeler Hollow
19 Februari

Wifi,

Umeanza. Nimekuomba uje uwasikilize watoto, wewe unaniuliza habari za viti.

Lakini nitakujibu. Kitabu kinakaa mbele ya Gideon. Marnie yuko kulia kwake. Tess yuko ng'ambo, amemwelekea Gideon, kwa sababu akikaa upande ule mwingine anampiga Marnie mateke. Abel yuko chini ya meza. Na ndiyo, nasoma mimi kwanza. Hivyo ndivyo mtu anavyofundisha watoto wanne wa umri mbalimbali bila kupata wazimu: kitabu kimoja, nakisoma mara moja kwa wote, kisha kila mmoja anaeleza kwa kadiri ya akili yake. Baadaye Gideon anawarudia wadogo zake ukurasa kwa ukurasa, mimi niko kwenye sinki au namvua Abel suruali yenye maji. Kosa liko wapi?

Nataka nikukumbushe jambo. Hukuwepo siku ile nilipomfuata Gideon shuleni. Walikuwa wametoa dawati lake nje, kwenye korido, ati asiwacheleweshe wenzake. Nilimkuta amelala juu ya koti lake sakafuni, na watoto wa darasa jingine wanamruka kwenda chooni. Nilimchukua siku hiyo hiyo na sijamrudisha. Kila anaponisomea ukurasa naiona ile korido, na moyo unatulia. Kama unataka kumpima mwanangu kwa kipimo kile kile, niambie sasa nitafute mtu mwingine, na Curtis nitajua la kumwambia.

Lorna


Erie
27 Februari

Wifi Lorna,

Tulia unisikilize, sikutukani.

Mtoto anayekaa ng'ambo ya kitabu kila siku, macho yake yakifuata kidole cha msomaji, hujifunza herufi kama anavyoziona yeye, yaani miguu juu. Nimewahi kuwa naye mmoja darasani, mdogo wa mapacha. Tess hachezi, Lorna. Tess anasoma. Mlikuwa mkimcheka mtu anayesoma.

Hilo ni la kufurahia. La pili ndilo linaloninyima raha. Mtoto mwenye kujua, akikaa mbele ya kaka mwenye kukwama, hakai kimya. Kwa hiyo msikilize vizuri anaponong'ona. Je, ananong'ona baada ya Gideon kusema, au kabla?

Fanya hivi. Mtume Tess kwa kuku. Mpe Gideon kitu ambacho hakuna mtu amewahi kumsomea, hata maandishi ya gunia la chakula cha kuku. Usimwambie ni mtihani. Na chochote utakachoona, usimkasirikie.

Naomba Mungu niwe nimekosea. Mimi kukosea si kawaida yangu, lakini safari hii naomba.

Bernadine


Keeler Hollow
14 Machi

Wifi mpenzi,

Habari za siku. Sisi hatujambo kabisa. Tumetoboa miti, utomvu unatiririka vizuri, tunauchemsha mpaka uwe mzito na mtamu kama asali na nyumba nzima inanata, Abel zaidi ya nyumba. Theluji imebaki kwenye vivuli tu. Kuku wameanza kutaga tena. Curtis alipiga simu kutoka mtoni, anasema maji yamepanda.

Kuhusu Gideon, nimefanya ulivyoniambia na hakuna neno. Anasoma vizuri tu. Ninyi walimu mmezoea kuwatafuta wagonjwa, hata mzima akikohoa mnamwitia machela.

Halafu, hivi utakuja na kitabu gani siku ya kuwasaili? Nauliza tu, nisije nikanunua kingine kama hicho.

Watoto wamekuandikia barua, nimezitia humu humu.

Wifi yako akupendaye,
Lorna

*

Shangazi Bernadine, hujambo. Mimi ni Gideon. Ninasoma vizuri sana. Tafadhali usije na kitabu kirefu. Njoo na keki.
Wako Gideon

*

Shangazi Bernadine, hujambo. Mimi ni Tess. Mimi bado sijui kusoma. Njoo na keki.
Wako Tess


Erie
22 Machi

Wifi mpenzi (na mimi nijaribu),

Asante kwa barua za watoto. Mwambie Tess kwamba kwa mtu asiyejua kusoma, mwandiko wake ni mzuri sana, katika barua zote mbili.

Kitabu nitakachokuja nacho kinaitwa Mbweha wa Daraja la Kale. Kipo maktaba ya mji wenu, nimepiga simu kuuliza. Nitafika Jumamosi ya tarehe saba Mei. Kati ya leo na siku hiyo sitakuuliza kitu.

Mwenye macho haambiwi tazama.

Bernadine


Keeler Hollow
16 Aprili

Bernadine,

Usije na mbweha.

Sijui uliniwekea mtego au ulinifungulia mlango, na kwa vile nilivyopita, naona vyote viwili vilikuwa kitu kimoja. Nilikudanganya mwezi wa tatu. Nitakuambia ilivyokuwa, nawe usinikatie maneno, maana huwezi.

Niliwatuma Marnie na Tess wakaokote mayai. Nikamwambia Gideon anisomee gunia, nijue kuku wapewe kiasi gani. Akaliangalia. Akasema, "Mama, hapa giza." Ilikuwa mchana, mlango wa banda uko wazi, na theluji ya nje inaumiza macho. Nikamwambia asogee mlangoni. Akasogea. Akaliangalia tena, masikio yakawa mekundu, halafu akaita, "Tess! Njoo uone gunia hili." Tess akaja mbio, mayai kayakumbatia kwenye sketi. Hakwenda kusimama pembeni ya kaka yake. Alizunguka, akasimama upande wa pili, na kutoka huko akalisoma gunia zima, kunong'ona, mstari kwa mstari, na Gideon akawa anayarudia kwa sauti kubwa yale yale, kama mtangazaji wa redio.

Kumbe miaka yote hii ndiyo redio niliyokuwa nikiisikiliza kutoka kwenye sinki. Marnie alikuwa anajua. Naapa hata Abel alikuwa anajua. Kabla Tess hajajifunza, Gideon alikuwa anashika kwa kichwa tu yale niliyoyasoma mimi. Bi Haverly alikuwa anamwambia achague mwenyewe kitabu anachokipenda, na yeye anachagua anachokikumbuka.

Sikumkasirikia. Nilifanya vibaya zaidi. Nilikwenda maktaba nikamchukua mbweha wako, na kila alasiri nikawa najifungia bandani na Gideon, Marnie akiwashika wadogo, namsomea. Nilijiambia ni ya mara moja tu, funika kombe mwanaharamu apite, sahihi ikishatiwa nitamfundisha upya polepole. Ana kichwa cha ajabu huyu mtoto. Kakishika kitabu chote, anajua mpaka pale ninapovuta pumzi kabla ya kufungua ukurasa. Jana akanisomea kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kidole kinapita chini ya maneno, na mimi nikampigia makofi.

Akafunga kitabu. Akaniambia, "Tess ananisaidia kwa sababu ni mtoto. Wewe je, Mama?"

Nililia mbele yake, naye akanipangusa kwa mkono wenye vumbi la pumba. Bernadine, nilimtoa koridoni nikamweka kwenye korido nyingine, hii ina jiko na harufu ya mkate ndani yake, basi.

Curtis sijamwambia. Anarudi tarehe ishirini na tisa. Barua yako ikifika ataniambia nimsomee kama kawaida, na mimi siwezi kusoma kitu na kukiruka akiwa ananitazama usoni. Kwa hiyo niandikie la kusomeka mbele yake. Akilijua hili sasa, Gideon anapanda lile basi, na mtoto wa miaka kumi asiyejua kusoma watamweka wapi kama si pale pale walipomweka? Nina roho juu. Nimeshindwa hata kumenya viazi.

Lorna


Erie
23 Aprili

Lorna,

Usimsomee Curtis barua hii. Humu ndani nimekunja karatasi nyingine, ni yake. Mpe mkononi, aisome mwenyewe, mbele yako. Akisema, "Baadaye," mwambie, "Dada yako kasema sasa."

Hilo ndilo jibu langu. Ukishalipata hutakuwa na haja ya kuniuliza nilijuaje habari ya kunong'ona.

Bernadine

*

Curtis, mdogo wangu,

Nilipokuwa na miaka tisa nilikuahidi sitamwambia mtu, na sijamwambia mtu. Kama ni macho yako yanayopita hapa, basi umenishinda na nakuomba radhi. Kama ni sauti ya Lorna inayokusomea haya, mvutie kiti akae, umwambie wewe.

Mwanao anaogopa kitu ambacho humo nyumbani unakijua wewe tu.

Dada yako


Keeler Hollow
30 Aprili

Bernadine,

Nilimpa mkononi. Akaifungua, akaitazama, akageuka huku na huku, akasema, "Miwani yangu iko wapi?"

Curtis hana miwani, wifi. Hajawahi kuwa nayo.

Kisha akasema polepole, "Nisomee tu, Lorna." Nikasoma. Nilipofika pale pa kiti, akavuta kiti kweli, akaniweka kama mgonjwa, akapiga magoti kwenye sakafu na viatu vyake vya kazi. Akaniambia yote. Mtoni anakwenda kwa rangi na umbo la vibao, na kila kona ya mto anaijua kwa moyo. Karatasi za kazi anajaziwa na mwenzake, naye anamfanyia zamu za baridi. Kiapo chetu cha harusi alikishika kwa kusomewa.

Nina hasira naye, lakini naona wewe ndiye unayenichoma zaidi. Kwa hiyo zile barua nilizomwandikia tukiwa wachumba ulizisoma wewe. Zote? Hata ile ya mwezi Agosti? Na majibu niliyopata, ninayoyaweka sandukuni chini ya shela yangu, nimekwenda kuyatoa nikayalinganisha na mwandiko wako. Sisemi zaidi. Miaka yote hii ananiambia sauti yangu inampumzisha, na mimi nikijiona malkia.

Nikamwambia na ya Gideon. Nilidhani atapiga meza. Akafunika uso kwa mikono miwili, akasema, "Ndiyo maana nilitaka waende shule. Nilifikiri huko kuna mtu atamwona. Sisi tunampenda mno, hatuwezi kumwona."

Nikamwuliza, "Wewe shule ilikuona?"

Kumbe Gideon alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini, na soksi moja mguuni. Gideon akamtazama baba yake kama anamwona mara ya kwanza. Akamwuliza, "Baba, na wewe Tess wako alikuwa nani?"

Curtis akasema, "Shangazi yako."

Bado tunabishana. Curtis anasema basi la njano, mimi nasema meza yangu. Tumekubaliana jambo moja tu, kwamba wewe uje na useme la haki. Njoo tarehe saba kama ulivyosema. Sikuahidi nitakukumbatia.

Lorna


Erie
9 Mei

Wifi Lorna,

Ulinikumbatia. Nimeandika hilo mahali.

Nianze na lile la sandukuni, kwa sababu najua ndilo utakalolitafuta kwanza. Maneno yalikuwa yake. Alikuwa anatembea jikoni kwetu huku na huku anayasema, mimi naandika, na nikibadilisha neno ananiambia, "Hapana, mimi sisemi hivyo." Koma ndizo zangu, vile vialama vya kupumzikia. Ile ya Agosti nilikwisha isahau, nakuomba nawe unisaidie kuisahau.

Sasa la watoto. Ya Marnie nimetia sahihi, nimeipeleka posta leo. Ya Gideon sijatia, na sitaitia kwa huruma. Karatasi inasema mtoto anasonga mbele, na mimi nimemkuta pale alipoachwa na ile korido, ila amejifunza ujanja mwingi njiani. Hana uzito wowote kichwani. Mtoto anayeweza kushika kitabu kizima kwa masikio hana uzito. Herufi kwake hazitulii, wala kwa baba yake hazikutulia, na hakuna aliyewahi kukaa naye herufi moja moja kwa subira, maana kila mtu alikuwa na haraka ya kumsaidia. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni hiyo.

Nimemwonyesha Gideon namna ya kuanza. Sinia la unga wa mahindi, anaandika herufi kwa kidole na kuitamka sauti yake, anafuta, anaandika tena. Herufi chache kwa wiki. Umtoe Tess ng'ambo ya meza. Atalia, mpe vitabu vyake na umgeuzie upande sahihi, atazoea. Na wewe usimsomee Gideon chochote. Hata gunia.

Kisha kabla ya tarehe ishirini Juni nataka ukurasa mmoja kutoka kwake. Tess asiuguse, wewe usiuone. Ukija mzuri nitajua si wake. Ukija wake, nitatia sahihi kwamba anasonga mbele, kwa kuwa itakuwa kweli. Usipokuja, nitaandika hivyo, na kaka yangu atafanya alivyosema.

Bernadine


Keeler Hollow
2 Juni

Bernadine,

Siku zinakwisha. Siku nyingine Gideon anasoma mstari mzima, najishika mdomo nisipige kelele. Kesho yake herufi zile zile zimemkimbia, anapiga sinia teke, na unga tunauokota kwenye nywele za Abel. Juzi aliniambia, "Nisomee kidogo tu, Mama, ukurasa mmoja, sitamwambia Shangazi." Nikakataa. Nikatoka nje nikakaa nyuma ya banda. Sikujua kama kumnyima mtoto sauti yangu kunaweza kuniuma namna hii.

Tess hasemi na mimi. Amehamishia ndoo yake jikoni.

Curtis amechukua likizo. Jana alichukua simu aulize wilaya habari za basi. Nikamwambia angoje. Akauliza angoje nini. Leo asubuhi amewafukuza wote mezani isipokuwa Gideon, akafunga mlango, na mimi sijui wanafanya nini humo ndani. Hakuna sauti inayotoka.

Lorna


kila holo
16 juni

Shagazi Benadini

nimeadika mimi Gideon. Tess hayupo yuko kwa kuku. Mama hajaona. Baba kaona lakini hawezi kusaidia.

Ile siku Baba alifuga mlago akaniabia sema ukweli ni ngumu. nikasema ngumu. akasema hata mimi. tukaadika kwenye uga wote wawili. Baba anakaa pale pa Tess. kwa hiyo anaona miguu juu na anakosea. namwabia Baba zuguka. yeye anasema hapa napapeda nakuona uso.

herufi zinakimbia bado. Baba anasema zake nazo. tunazingoja.

Tia sahihi au usitie. kama ni basi nitapada. nikikwama nitasema nimekwama.

Jana Mama alitoa barua yako ya mwezi wa tano. aliifugua akataka kutusomea. Baba akamnyaganya. tukamsomea sisi. mstari wangu mstari wake. tulianza kabla ya chakula na chakula kikapoa. kuna neno tulikwama wote. Mama alikuwa analijua. alikaa juu ya ndoo ya Tess mikono kafunika mdomo. hakusema.

lilikuwa koma.

Gideon